Ufunguo wa gari ulio sebuleni nao unahitaji ulinzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakazi wenzangu wa Dodoma, viongozi wa mitaa na Jeshi la Polisi kuhusu aina ya wizi wa magari isiyosemwa vya kutosha. Katika wizi huu mwizi haanzi na gari lililoegeshwa uani. Anaanza na ufunguo ulioachwa sebuleni, na akishaupata anawasha gari na kuondoka kama mwenye mali, bila kuvunja kioo na bila kelele za kumwamsha jirani.

Chanzo chake kinaeleweka. Zamani mwizi mwenye ujuzi kidogo aliweza kuwasha gari kwa kuunganisha nyaya chini ya usukani. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walieneza imobilaiza, yaani kifaa kinachoizuia injini isiwake mpaka kitambue namba ya siri iliyomo kwenye chipu ndogo ndani ya kichwa cha ufunguo. Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo mwaka 1995, na kufikia mwaka 1998 magari mapya ya abiria yanayouzwa huko yalitakiwa yawe nacho. Mengi ya magari yaliyotumika tunayoyaagiza kutoka Japani nayo huja na ulinzi huo. Ni maendeleo mazuri, ila yameihamisha hatari: gari likikataa kuwaka bila ufunguo wake, mwizi ataufuata ufunguo huo ndani ya nyumba tunamolala na watoto wetu. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko thamani ya gari lenyewe.

Tazama jinsi tunavyoishi. Wengi wetu tukirudi jioni tunatundika funguo kwenye ndoano karibu na mlango, au tunaziacha juu ya meza ya televisheni, na joto la Oktoba na Novemba linatulazimisha kulala na madirisha wazi. Nondo humzuia mtu kuingia, lakini hazizuii mti mrefu wenye ndoano kwenye ncha. Mwizi hukata wavu wa mbu, huvuta mkoba, suruali au shada la funguo, na kazi yake inakuwa imekwisha bila kuweka mguu ndani.

Mji wetu una mambo yake ya pekee yanayompa mwizi nafasi zaidi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, nyumba za kupanga zimeongezeka Ilazo, Kisasa, Nzuguni na Iyumbu, na wapangaji huja na kuondoka, huku kitasa cha mlango kikibaki kilekile na nakala za funguo zake zikiwa mikononi mwa watu wasiojulikana. Nawasihi wenye nyumba wabadilishe kitasa kila mpangaji anapohama, maana gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na gari. Vilevile, tangu treni ya mwendokasi ianze safari mwaka 2024, wengi huenda Dar es Salaam kwa treni na kuacha gari uani kwa siku kadhaa, ufunguo ukining'inia mahali ambapo kila anayeingia ndani anauona. Dodoma nayo ni njia panda: barabara za lami zinatoka hapa kwenda Morogoro, Iringa, Singida na Babati, hivyo gari lililochukuliwa saa nane usiku laweza kuwa limeshafika Manyoni au Mtera kabla mwenyewe hajaamka kuswali au kwenda kazini.

Ufunguo uwekwe wapi basi? Wapo wanaoulaza chini ya mto, na mimi siafikiani nao, kwa sababu anayeutaka atalazimika kuufuata kitandani. Mahali pazuri ni kwenye droo iliyofungwa, mbali na dirisha na mlango, nje ya chumba cha kulala. Na ikitokea wezi wameingia wakiwa na silaha wakiudai, wapewe. Gari hutafutwa, roho haitafutwi.

Wenye magari ya ufunguo usiochomekwa wana tahadhari nyingine. Ufunguo huo huwasiliana na gari kwa mawimbi ya redio, na wezi wawili wenye vifaa maalumu, mmoja akisimama karibu na ukuta wa nyumba na mwingine karibu na gari, wanaweza kuyarefusha mawimbi hayo hadi mlango ukafunguka na injini ikawaka. Kopo la bati lenye kifuniko kinachobana mara nyingi hutosha kuyazuia. Ujaribu mwenyewe: tia ufunguo ndani ya kopo, simama nalo kando ya gari, uone kama mlango utakubali kufunguka.

Ufunguo ukipotea au ukiibwa, kuchongesha mwingine hakutoshi. Fundi mwenye kompyuta ya kazi hiyo anaweza kuufuta ule wa zamani kwenye kumbukumbu ya gari, nao ukabaki hauna uwezo wa kuliwasha. Kadi halisi ya gari isiachwe ndani ya gari, kwa kuwa mwizi mwenye ufunguo na kadi huuza kwa urahisi kwa mnunuzi asiyejali kuhakiki umiliki TRA. Tukumbuke pia kwamba bima ndogo hulipa madhara ya watu wengine tu, na gari likiibwa mwenye bima hiyo halipwi kitu.

Ninaloliomba kwa mamlaka ni mambo mawili. Polisi Kata wetu na wenyeviti wa mitaa waliingize suala hili katika mikutano ya wananchi kwenye kata zote 41 za Jiji, wakionyesha namna wezi wanavyovua funguo dirishani, maana onyo la jumla la kuwa waangalifu halimfundishi mtu kitu. Na mlalamikaji anapofika kituoni kuchukua RB ya gari lililoibwa, aulizwe ufunguo ulikuwa wapi na ulichukuliwaje, na jibu liandikwe kwenye jalada, ili baada ya muda Jeshi liweze kutuambia ni mitaa ipi inayolengwa na kwa njia gani.

Msomaji wako,
Ilazo, Dodoma