Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Bagamoyo: bomba la umeme litangulie zege

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KARATASI MOJA KWA KILA ANAYEPEWA KIBALI CHA UJENZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimejenga nyumba ya vyumba vitatu njia ya kwenda Kaole. Kiwanja ni changu, lakini minazi saba iliyomo ni ya shangazi yangu. Umekaa na sisi watu wa pwani, unajua mambo haya: ardhi inaweza kuuzwa na mnazi ukabaki na mwenyewe. Mmoja kati ya hiyo saba umesimama katikati ya nguzo ya umeme na nyumba. Nilipomgusia shangazi habari ya kuukata aliniuliza swali moja tu: "Na futari utaiungia nini?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Kupitisha waya juu, katikati ya minazi, ni kutafuta balaa, maana kuti likikauka halikupi taarifa. Basi nikaamua umeme upite chini. Mita ya LUKU ikae kwenye ukuta wa uzio karibu na geti, kebo izame ardhini pale, itembee mita 38, ipite chini ya baraza na sebule, iibukie stoo kwenye meni swichi. Kutoka nguzoni mpaka kwenye mita ni kazi ya shirika la umeme. Kutoka kwenye mita kuingia ndani ni mzigo wa mwenye nyumba, na hapo ndipo nilipoharibu.

Lawama naanza nayo mwenyewe. Mchoro wangu ulionyesha mpaka mahali pa sinki la jikoni, lakini njia ya umeme kutoka uzioni haikuwemo, na mimi sikuuliza. Siku ya kumwaga zege la jamvi, vijana wameshaanza kuchanganya, fundi mwashi akaniita: "Bosi, umeme unaingilia wapi?" Nikamtuma kijana na bodaboda dukani. Akarudi na paipu za inchi moja na elibo mbili, yaani viungio vya kona kali, zile za maji. Tukazitandika juu ya kifusi, tukapitisha ndani yake kamba ya katani ya kuja kuvutia kebo, zege likafunika. Usiku ule nililala vizuri kabisa.

Miezi minane baadaye akaja fundi umeme, huyu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na kebo ya ardhini: ile nyeusi yenye nyuzi za chuma zilizosukwa ndani ya koti lake, nene kama dole gumba la mvuvi. Aliishika kamba ya katani, akavuta mara moja. Ikaja nusu mita, imeoza, inanuka tope. Mdomo wa bomba tuliuacha wazi masika nzima, maji na mchanga vimeingia. Akasukuma waya mgumu badala ya kamba. Ukateleza mpaka kwenye elibo ya kwanza, ukagoma.

Fundi hakugomba. Alichukua kipande cha kebo, akakaa kwenye ndoo, akaanza kukikunja taratibu juu ya goti mpaka kikatoa duara la ukubwa wa sinia. "Huu ndio mwisho wake," akasema. "Ukizidisha unaiumiza ndani. Elibo yako inapiga kona ya kikombe cha kahawa." Halafu akaichomeka ncha ya kebo kwenye paipu ya inchi moja. Ilienea kama kizibo.

Tukavunja. Nyundo na tindo siku mbili, mfereji kutoka barazani hadi stoo, na marumaru zilikuwa zimeshawekwa. Rangi ile dukani imekwisha. Leo sebule yangu ina mshono wa rangi nyingine kutoka mlangoni hadi ukutani, na wageni wananisifu kwa ubunifu.

Mara ya pili tulifanya kazi kama inavyotakiwa, nami nilikaa pembeni ya mtaro na daftari. Ukichimba bustanini, kina kinataka kufika nusu mita. Mahali gari litapita, sentimita 60 au zaidi. Chini unatandaza mchanga uliochekechwa, kwa sababu huku kwetu ukishachimba kidogo unakutana na mawe ya matumbawe, na jiwe moja lenye ncha likikaliwa na udongo miaka kumi linatoboa chochote. Paipu ni ya inchi mbili. Kona zake ni ndefu, zinazopinda polepole, wala si elibo za maji. Kamba ni ya nailoni, tuliinunua kwa wavuvi kule ufukweni kwa sababu hiyo haiozi, na ncha zote mbili za bomba zilizibwa siku ileile. Bomba la maji likawekwa mbali na la umeme, sentimita 30 kwa kipimo cha fundi. Kebo yenyewe ni ya milimita 16 za mraba. Waya mwembamba ukitembea umbali huo unakula volti, pampu ya kisima ikiwaka taa za ndani zinafifia. Na pembeni tukalaza paipu ya pili, tupu, kwa ajili ya intaneti au chochote watakachotaka wanangu. Hiyo ya pili ilinigharimu kidogo mno ukilinganisha na mtaro wenyewe, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Juu ya bomba, udongo ukiwa umerudi nusu, fundi alitandaza utepe wa njano wenye maandishi ya hatari. Niliufuata Kariakoo. Nilinung'unika, nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya plastiki. Wiki tatu hazijapita, jirani akaleta vijana wa kuchimba njia ya maji, wakaingia kwangu kwa makosa kama hatua mbili hivi. Sururu ikapanda na kushuka, kijana akaona kitu cha njano kinaning'inia kwenye ncha, akaitupa sururu chini. Umeme ulikuwa umeshawashwa, volti 230. Nimeuona ule utepe uliochanika na sasa sinung'uniki.

Ndugu Mkurugenzi, hakuna hata moja kati ya haya ambalo ni siri. Mafundi wazuri wanayajua. Tatizo ni wakati: fundi umeme huitwa nyumba ikishaezekwa, na mambo haya yanahitajika msingi ukiwa bado wazi. Mtu pekee ambaye kila mjenzi anapaswa kupita kwake kabla ya zege ni wewe, kwa sababu ya kibali.

Ninachoomba ni karatasi moja. Mhandisi wako akae na watu wa umeme na wa maji, wachore picha ya nyumba na uzio, mtaro ukiwa umekatwa ubavuni, na vipimo vyake. Maneno yawe machache, ya Kiswahili, ya fundi: inchi mbili, kona ndefu, ziba mdomo, utepe juu. Waonyeshe mita ikae wapi. Waongeze kwamba ambaye nguzo yake iko ng'ambo ya barabara ya mtaa asichimbe kabla ya kuwaona TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Karatasi hiyo ibanwe pamoja na kibali, na nyingine zibandikwe kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, maana mwenye nyumba anaweza kusahau lakini kijana wa bodaboda anafika dukani kila siku. Na mkaguzi wako akija kutazama msingi, aulize: "Bomba la umeme liko wapi?" Swali hilohilo aliloniuliza mwashi, ila liulizwe wiki moja mapema. Kama hawezi kuja, apokee picha ya mtaro iliyopigwa kwa simu, na futi kamba ionekane ndani yake.

Najua utaambiwa watu hawasomi karatasi. Mimi mwenyewe nisingesoma kurasa kumi. Picha ningeitazama.

Kitu kingine, na hiki ni cha Bagamoyo peke yake. Tulipokuwa tunachimba, kijana mmoja aliokota kipande cha bakuli, kina rangi ya kijani iliyokolea, laini kama kioo. Akataka kukitupa. Kaole ina magofu ya karne ya 13, na huko makumbusho vipande vya vyombo vya Kichina vimewekwa kwa heshima. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inamtaka aliyeokota kitu cha kale atoe taarifa. Nilikipeleka. Sijui kama ni cha Kichina au ni sahani ya bibi wa mtu. Kwa sisi tunaojenga njia hii, mstari mmoja kuhusu jambo hilo uwemo kwenye karatasi ileile.

Ukipata nafasi ya kuja kuuona mtaro mahali tulipoacha chemba wazi, karibu. Shangazi ameahidi kukuangulia dafu. Nimemwambia kiongozi akiwa kazini hapokei zawadi. Amesema dafu si zawadi, ni maji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa njia ya Kaole,
Bagamoyo.

Nakala: Mwenyekiti wa kitongoji.
Shangazi (asomewe).