Maji matupu hayamtoshi mkimbiaji

Ndugu Mhariri,

Kila mbio za barabarani zinapokaribia hapa Dar es Salaam, wakimbiaji huhimizwa kunywa maji mengi. Ushauri huo haujakamilika, na pengo lake ni la hatari.

Jasho lina chumvi. Mtu akitoka jasho saa nne mfululizo huku akijaza maji matupu kila kituo, sodiamu ya damu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, huweza kushuka, maji hupenya kwenye seli na ubongo huvimba. Tumbo hujaa, kichwa huuma, pete hubana kidoleni, hutapika, kisha huchanganyikiwa. Wanaomsaidia hudhani kaishiwa maji mwilini, humnywesha zaidi, na hali huzidi. Katika Boston Marathon ya 2002, mbio za kilomita 42 huko Marekani, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu, hasa walioongezeka uzito njiani na waliotumia zaidi ya saa nne. Hao si mabingwa. Ni wakimbiaji wa kawaida, wenye muda mrefu wa kunywa.

Kwa hiyo kila mmoja apime jasho lake. Kojoa, jipime uzito bila nguo, kimbia saa moja kwa kasi ya mashindano, jifute, jipime tena. Aliyeanza na kilo 60.0 akamaliza na 59.2, na njiani kanywa mililita 400, ametoka jasho lita 1.2. Huyo anywe mililita 600 hadi 800 kwa saa, asihangaike kurudisha lote. Mwenzake anayetoka jasho mililita 500 akimwiga, amepitiliza. Kipimo kirudiwe Februari na Julai, maana joto halifanani.

Kinywaji hutengenezwa nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vitano vya mezani vya sukari, vilivyosawazishwa juu, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu. Sukari ikizidi, kama kwenye soda, kinywaji hukaa tumboni na tumbo husokota. Madafu ni matamu, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Yanywewe baada ya mbio, pamoja na chakula chenye chumvi.

Akiba ya wanga mwilini hutosha takriban saa moja na nusu hadi mbili, ndiyo maana wengi huishiwa nguvu ghafla karibu na kilomita ya 30 ya marathoni. Siku mbili kabla, ongeza wali, ugali na viazi. Punguza maharage, mboga za majani na vya kukaanga. Mbio zikianza saa 12 asubuhi, kula saa 9 usiku: slesi nne za mkate na jamu, ndizi mbivu, chai ya sukari. Kuamka ni kazi, lakini anayekula saa 11 hukimbia na chakula tumboni. Mbio zikizidi saa moja, pata gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Nusu lita ya kinywaji hicho ina kama 30, ndizi moja kama 25. Haya yote yajaribiwe kwenye mazoezi marefu kwanza, kwa sababu tumbo nalo hufundishwa.

Tunawaomba waandaaji waweke kinywaji chenye chumvi kando ya maji, na watoa huduma ya kwanza wamuulize aliyeanguka amekunywa kiasi gani kabla ya kumpa chupa nyingine.

Makocha wa mbio ndefu,
Temeke, Dar es Salaam