Mama Junior, usimzuie mtoto kwenda JKT

Shoga yangu Mama Junior,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili jana usiku, eti Junior kapangiwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kambi ya Mafinga na we unamtafutia cheti cha ugonjwa abaki nyumbani. Nakuomba usifanye hivyo. Huyo mtoto tangu la tano anasema atakuwa afisa wa jeshi, sasa mlango ndo huo umefunguka afu sisi wenyewe tuufunge?

Si unamkumbuka mdogo wangu Abdu. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi lenyewe, wakitangaza nafasi wanataka mtu aliyepita JKT, kama hukupita basi hata matokeo yako yawe mazuri vipi unabaki kusoma tangazo tu. Junior ana bahati, fomu siksi wanaenda kwa mujibu wa sheria miezi mitatu tu, Abdu aliingia kwa kujitolea akala miaka miwili, kwata, fatiki yaani kazi za suluba za shambani, mchakamchaka alfajiri. Likizo ya kwanza nikaingia chumbani kwake asubuhi nikakuta shuka limenyooshwa kona zote zimekaa utasema limepigwa pasi, na mi ndo nilikuwa namtandikia mpaka fomu foo. Nilisimama pale mlangoni machozi yananitoka.

Baada ya hapo akaomba JWTZ, akawa kuruta, askari mwanafunzi, tena upya, usaili juu ya usaili, ndo akachaguliwa kwenda Monduli kwenye chuo cha maafisa. Kule wenye digrii zao wanapiga kozi ya kama mwaka hivi, wengine wanasoma shahada ya sayansi ya kijeshi palepale miaka mitatu, afu Rais anawatunuku kamisheni, yaani uafisa, wanatoka na nyota moja, Luteni Usu. Hata Kikwete alimaliza chuo kikuu Dar ndo akapita Monduli, na 1992 alistaafu jeshi akiwa Luteni Kanali. Kwa hiyo Junior akitaka kusoma chuo kwanza asome, jeshi halimkimbii, ila aangalie umri kwenye tangazo na asikimbilie kuoa.

Na hela usimpe mtu!! Mama yetu alitoa laki sita kwa mtu aliyesema ana nafasi mkononi, hela haikurudi na jina halikutoka. Abdu alipata kwa kuomba mwenyewe. Jeshi kila siku linasema nafasi haziuzwi, wazazi tunajifanya hatusikii kwa sababu ya uchungu wa mtoto, mi nakuelewa kabisa.

Kesho twende soko la Karume tukamnunulie vitu vyake, bukta ya bluu iliyoiva isiyo na zipu, tisheti ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, na sweta zito maana baridi ya Mafinga inaingia mpaka kwenye mifupa. Nipigie mapema kabla sijafungua duka.

Wako,
Mama Zai