Barua kwa Mwanaidi kuhusu kisigino chake

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, nami nimeumia kusoma jinsi unavyoshuka kitandani asubuhi ukishika ukuta, maumivu yakapungua ukishatembea kidogo, kisha yakarudi jioni baada ya kusimama darasani kutwa. Umeniuliza kama ukubali upasuaji, na kwa kuwa kazi yangu ni ya fiziotherapia, nitakujibu bila kukuficha neno.

Huo mwiba wa mfupa ulioonekana kwenye eksirei usikutie hofu, kwa maana watu wengi wanao na hawaumwi. Kinachouma mara nyingi ni utando mnene unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni, ambao huchoka na kuchanika kidogo kidogo pale unaposhikana na mfupa. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 hupona bila kisu, ingawa kwa miezi mingi, na ndiyo maana madaktari bingwa wa mifupa hutaka kwanza miezi 6 hadi 12 ya matibabu mengine. Je, wewe umeyafanya kwa ukamilifu? Kabla hujakanyaga chini asubuhi, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea ugokoni mpaka unyayo ukazike, hesabu hadi 10, kisha rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Sindano ya steroidi hutuliza kwa muda tu, na ikirudiwarudiwa yaweza kusababisha utando kukatika.

Ikiwa hayo yote yameshindikana, upasuaji si jambo la kuogopa, ila ujue unafanyiwa upi. Upo wa kukata sehemu ya utando, ambayo haipaswi kuzidi nusu, kwa sababu ukikatwa mno upinde wa unyayo hushuka na maumivu huhamia ubavuni mwa mguu. Upo pia wa kurefusha msuli wa shavu la mguu, unaomfaa mtu ambaye unyayo wake haukunjiki kwenda juu goti likinyooshwa, lakini hukunjika goti likipinda. Mwombe daktari akupime hivyo mbele yako.

Baada ya upasuaji, utavaa kiatu kigumu cha kukinga mguu au utatumia magongo kwa wiki kadhaa, na maumivu yataisha polepole, pengine kwa miezi. Ganzi, kuumia kwa neva na kidonda kuingia vijidudu hutokea kwa baadhi ya watu, na kwa kuwa una kisukari, sukari yako lazima itulie kwanza. Hilo nakusihi sana. Omba upasuaji upangwe mwanzoni mwa likizo ndefu, maana kurudi kusimama ubaoni mapema kutautonesha mguu.

Niandikie atakalosema daktari, hasa kuhusu kipimo cha goti.

Rafiki yako akupendaye,
Rehema