Barua kwa mwanangu: Nilichokinyamazia kuhusu Simbi Nyaima

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Njoro. Sisi hatujambo, ila mguu wa dani, bibi yako, unamsumbua kila mvua inapokaribia.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nilinyamaza siku ya Krismasi, uliposema mbele ya wajomba zako kwamba ziwa Simbi Nyaima ni shimo la volkano na hakuna kijiji kilichowahi kuzama pale. Usijilaumu, hukunikosea. Jibu langu lilikuwa refu na nyumba ilikuwa imejaa wageni.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka dani akalione ziwa lile tena. Tulipanda matatu hapa Kisumu, tukapita Ahero na Katito, tukavuka mto Sondu Miriu, tukashuka Kendu Bay kabla jua halijawa kali. Kutoka mjini si mbali, tukachukua bodaboda mbili. Dani aliketi upande kama anavyoketi kanisani, amekumbatia mkoba wake.

Mwanangu, ungeona yale maji! Ni ya kijani kizito, kama mrenda uliotiwa magadi. Ukingoni mawe yamevaa utando mweupe wa chumvi. Nilikwangua kidogo kwa ukucha nikaonja, ulimi ukawasha. Na Ziwa Victoria liko pale pale karibu, watu wanateka na kunywa! Hapa hakuna mto unaoingia wala unaotoka, hakuna samaki, hakuna mtumbwi wa mvuvi. Ni kimya tu, na flamingo wameinamisha vichwa wakichuja chakula chao kwenye ule ukijani. Niliwatazama sana. Nilipokuwa msichana wa kazi Nakuru, Ziwa Nakuru lilikuwa limepakwa waridi na ndege hawa. Baadaye, baada ya 2010, maji yalipanda na chumvi ikapungua, wengi wakahama kutafuta riziki kwenye maziwa mengine. Sijui kwa nini kuwaona kulinifanya nitake kulia. Au najua, na ndiyo maana nakuandikia.

Dani alikaa juu ya jiwe akaisimulia sigana yake, ile hadithi ya kijiji kilichozama, upya, kana kwamba mimi ni mtoto wa miaka sita. Jioni moja kulikuwa na sherehe Simbi, pombe na ngoma, watu wamejaa. Akaja ajuza, mchafu, anatetemeka kwa baridi. Akaomba chakula na mahali pa kuota moto. Wakamfukuza. Alibisha mlango huu, wakamfukuza, mlango ule, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemwingiza ndani, akachochea moto, akampa chakula. Ajuza alipokwisha kula alimwambia: mwite mumeo, mwondoke sasa hivi. Mume alikuwa kwenye pombe, akakataa kuondoka. Yule mwanamke akatoka, na nyuma yake mvua ikaanza, maji yakafunika boma zima na ngoma zake. Nyaima ndiyo hiyo kwa Kiluo chetu, kuzama. Dani akamaliza kwa "Thu tinda", maneno yetu ya kufungia hadithi, akajifuta uso kwa leso.

Nikamuuliza, "Huyo mwanamke aliitwa nani?" Akasema hajawahi kuambiwa.

Sasa, nilisoma ile karatasi yako uliyoiacha mezani. Naelewa kwamba moto wa chini ya ardhi ulikutana na maji, ukalipuka, ukachimba shimo lenye kina cha zaidi ya mita 20, nalo likajaa maji. Naelewa kwamba mlima Homa ulio jirani nalo ni volkano. Hata serikali ilipotangaza ziwa hili kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2000, ni kwa ajili ya ndege na maumbile yake. Hayo yote nayakubali, tena nafurahi kwamba ni binti yangu anayeweza kunieleza. Lakini uliposema "ni hadithi tu", mimi niliona mlango.

Mwisho wa Januari 2008 ulikuwa na miezi minane. Tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, baba yako yuko kazini Kisumu. Unajua kwamba tulihama Nakuru wakati wa vita vya baada ya uchaguzi. Usiku wenyewe sijawahi kukusimulia. Nilisikia mayowe yakikaribia, nikakufunga mgongoni, nikatoka na leso mbili na kadi yako ya kliniki. Nilibisha mlango wa kwanza. Ndani walikuwa wakiongea, wakanyamaza. Mlango wa pili, taa ikazimwa. Siwalaumu, kila mtu alikuwa na watoto wake wa kuficha. Wa tatu ulikuwa wa mama aliyekuwa akiuza mboga, si wa kabila letu, tena ni wa wale ambao usiku ule niliambiwa niwakimbie. Alifungua kabla sijamaliza kusema hodi. "Ingia mama, ingia haraka." Alitulaza nyuma ya pazia, karibu na jiko la makaa. Ulipoanza kulia alichovya kidole chake kwenye kopo la sukari akakutia mdomoni, nawe ukanyonya ukanyamaza. Nakumbuka kidole chenyewe, kilikuwa na rangi ya sukuma wiki kwenye ukucha. Watu walikuja wakagonga. Akawajibu bila kufungua: "Hapa niko na wanangu peke yetu." Tulikaa kwake siku mbili, ndipo tukafika uwanja wa Afraha walikokuwa wengine, na baadaye tukapata lori la kutuleta Kisumu.

Kwa hiyo dani anaposimulia, mimi simwoni ajuza. Namwona aliyefungua. Na nilipata aibu kubwa pale ukingoni mwa maji, kwa sababu dani hajui jina la mwanamke wa Simbi kwa kuwa hakuambiwa, lakini mimi jina la yule mama wa Kaptembwo ninalijua, nililiandika nyuma ya kadi yako ya kliniki, na miaka yote hii sijarudi hata kumsalimu. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nilijiambia sina nauli. Kisha ikawa mazoea.

Kadi hiyo nimeikunja ndani ya barua hii. Nimeulizia kwa mtu wa Nakuru, nimeambiwa bado anaishi pale pale, ana wajukuu. Kutoka Njoro ni matatu moja tu hadi mjini, na Kaptembwo hutaulizia mara mbili. Nimekutumia pesa kidogo kwenye simu. Mnunulie sukari kilo mbili, majani ya chai na leso nzuri, usichukue ile ya bei rahisi. Ukifika piga hodi, umsalimie kwa heshima, umwonyeshe kadi. Halafu unipigie ukiwa bado umekaa naye, nimsikie sauti.

Dani anakusalimu sana.

Ni mimi mama yako.