Kabla hujajifungua: barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku ugenini. Mimi na shemeji yako tu wazima, na mwanao ametimiza wiki tisa juzi. Naandika saa tisa usiku. Amemaliza kunyonya sasa hivi, nimemweka begani abeue, na mkono wa kulia ndio pekee ulio huru. Barua hii nitaiandika vipande vipande, kwa hiyo ukiona wino umebadilika katikati ya sentensi, jua kwamba aliamka.

Mama ameniambia umeingia mwezi wa nane, na kwamba umeshaanza kuulizia ratiba: mtoto anyonye saa ngapi, alale saa ngapi, lini atalala usiku kucha. Nilifurahi, halafu nikaingiwa na hofu. Mimi pia niliingia leba na ratiba mkobani, na ratiba hiyo ndiyo iliyotutesa sote siku tisa za kwanza. Ngoja nianze na hilo.

Niliipata mtandaoni. Jedwali safi kabisa: kila baada ya saa tatu, dakika kumi titi la kulia, dakika kumi la kushoto, kisha kitandani. Nikalibandika kwenye mlango wa friji. Mtoto akilia saa moja tu baada ya kunyonya, nilimtembeza chumbani huku nikitazama saa ya ukutani, nikimwambia avumilie, bado kidogo. Naye alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, mdomo wazi, anatafuta kwenye nguo yangu, kwenye mkono wa baba yake, hata kwenye shavu langu. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, ila sikujua kwamba anazungumza nami. Mwishowe alichoka akalala, nami nikadhani ratiba imeshika.

Siku ya tisa mkunga akaja kumpima. Watoto wengi hupungua uzito siku za mwanzo, hata asilimia 7 hadi 10 ya uzito waliozaliwa nao, kisha huurudisha ndani ya wiki mbili hivi. Wa kwangu alikuwa hajaanza hata kupanda. Mkunga hakunigombeza. Aliniuliza amekojoa mara ngapi tangu jana wakati kama ule, nikahesabu nepi, nikapata tatu. Mtoto anayeshiba, akishafika siku ya tano au ya sita, hulowanisha nepi sita au zaidi kwa saa 24. Nililia pale pale mbele yake. Akasogeza kiti, akakaa karibu nami, akaniomba nimwonyeshe ninavyomweka kwenye titi.

Kumbe nilikuwa nampa chuchu peke yake. Shika hili, mdogo wangu, kwa sababu nililielewa nilipoonyeshwa, si niliposoma. Mlaze ubavu, tumbo lake liguse tumbo lako, sikio, bega na nyonga vikae kwenye mstari mmoja, asinyonye huku amepinda shingo. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, usubiri afungue mdomo kama anayepiga miayo. Hapo mlete yeye kwenye titi haraka. Usiiname wewe kumfuata. Kidevu chake kizame kwenye titi, mdomo wa chini ukunjuke kwa nje, pua ibaki huru, na ule weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Kisha sikiliza. Mwanzo atavuta upesi upesi, baada ya dakika moja au mbili mvuto utarefuka na utasikia anameza, kipumzi kidogo laini baada ya kila mkupuo. Siku ile nilipokisikia kwa mara ya kwanza, mkunga aliinua kidole akaniambia, "Hayo ndiyo maziwa." Maumivu ya sekunde chache za mwanzo huwapata wengi, lakini yakiendelea, ameshika vibaya, na wewe usivumilie. Ingiza kidole kidogo safi pembeni mwa mdomo wake, umwachishe, uanze upya. Mimi siku nyingine nilianza upya mara tano.

(Alikojoa begani kwangu. Naendelea, ni mchana.)

Jedwali tulilibandua siku ile ile. Shemeji yako akachukua daftari, akachora safu: kanyonya saa ngapi na titi lipi, nepi ya mkojo, nepi ya choo, kalala, kaamka. Tofauti yake na lile jedwali ni kwamba tulikuwa tunaandika jambo likishatokea. Nilipokuwa nasinzia nisikumbuke nimeishia titi lipi, nilibana pini kwenye kamba ya sidiria upande wa zamu inayofuata. Wiki ya kwanza ya kuandika, daftari lilikuwa vurugu tupu. Ilipofika wiki ya tano, shemeji yako aliligeuza upande akaniita: kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne, alama zilikuwa zimesongamana, na baada yake palikuwa na nafasi nyeupe ndefu. Ratiba ilikuwepo. Ilikuwa yake, na sisi tulichofanya ni kuiandika hadi ikaonekana.

Kwa hiyo usiende na saa. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku, na hizo mara hazipangani sawasawa. Njaa huanza kuonekana kabla ya kilio: atajinyonganyonga akiwa bado macho hajafumbua, atalamba midomo, atatoa ulimi, atapeleka ngumi mdomoni, atageuza kichwa kutafuta. Ukimwahi hapo, atashika titi vizuri. Akishafikia kulia amechelewa, amekasirika, ulimi umepanda juu, na itabidi kwanza umtulize kifuani. Na akishiba utamjua, viganja vyake vilivyokuwa ngumi hufunguka, mikono inalegea, anaachia mwenyewe.

Omba uwekewe mtoto kifuani mara tu atakapozaliwa, ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Siku mbili tatu za mwanzo utaona dang'a tu, machache, mazito, ya njano. Usije ukasema huna maziwa. Tumbo lake ni dogo sana na hayo yanamtosha, tena yamejaa kinga. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya pili na ya tano, na kadiri anavyonyonya ndivyo yanavyotengenezwa. Usiku usimkatishe hata kama umechoka, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Maji, hata ya kijiko, usimpe mpaka atimize miezi sita. Yanajaza tumbo bila kumlisha na yanaweza kumletea kuhara. Na ikitokea kwa sababu yoyote ukahitaji maziwa ya kopo, usijione umeshindwa. Dalili za njaa na za shibe ni zile zile, na usimlazimishe kumaliza chupa.

Zile wiki mbili za kwanza, kabla hajarudisha uzito, mwamshe akilala zaidi ya saa tatu au nne. Wengine husinzia mno, hasa wenye manjano kidogo, yaani ngozi na macho ya njano, na mtoto anayesinzia hawezi kukudai. Mvue nguo abaki na nepi, mkwaruze nyayo taratibu, mbadilishe nepi katikati ya titi la kwanza na la pili. Akianza kuongezeka uzito, mwache alale hadi aamke mwenyewe.

Jioni ndizo zitakazokutisha. Atanyonya, aachie, alie, atake tena baada ya robo saa, na wewe utahisi matiti yamekauka. Hayajakauka. Watoto wengi hurundika kunyonya jioni, na hufanya hivyo zaidi karibu na wiki ya tatu na ya sita wanapokua kwa kasi. Kilio nacho kwa kawaida huongezeka tangu wiki ya pili, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Laiti ningelijua hili wiki ya sita! Tulitembea ukumbini usiku mmoja saa mbili nzima, kwa zamu, na nilikuwa nimeshaamini kwamba mwanangu ana ugonjwa ambao hakuna anayeuona. Ukifika mahali mikono inatetemeka, mlaze chali kitandani mwake, toka chumbani dakika chache, unywe maji, urudi. Kamwe asitikiswe, hata kwa kubembelezwa.

Sasa usingizi. Atalala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipande vya saa moja, mbili, tatu, kwa sababu hajui usiku ni nini. Saa ya ndani ya mwili huanza kujipanga akikaribia miezi miwili au mitatu. Usimfundishe kulala usiku kucha sasa. Mwonyeshe tu usiku unafananaje. Asubuhi tunafungua pazia, tunaongea naye sauti ya kawaida, vyombo vinagongana jikoni na hatunyamazi. Usiku kuna taa moja ndogo, simsemeshi, simchekei, nepi naibadilisha kama ina choo au imelowa sana, ananyonya, anarudi kitandani. Wiki za kwanza ilikuwa kama sifanyi kitu. Jana alilala tangu saa tatu hadi saa nane usiku. Saa tano! Niliamka kabla yake nikaenda kuweka mkono kifuani mwake.

Jambo moja nililochelewa kulijua: mtoto mchanga hulala kwa kelele. Nusu ya usingizi wake ni ule mwepesi, anakunja uso, anaguna, anarusha mikono, hata anatoa kilio kifupi. Mimi nilikuwa namnyanyua kila akiguna, kumbe namwamsha mwenyewe. Sasa nasubiri nikihesabu hadi thelathini. Mara nyingi anarudi usingizini kabla sijafika ishirini. Na mchana, akishakuwa macho dakika arobaini na tano au saa moja, natazama: akianza kukodoa macho mbali, kusugua uso, kupiga miayo, namlaza. Akipitiliza hapo huchoka kupita kiasi, na kumlaza kunakuwa kazi ya saa nzima.

Na alale chali, kila usingizi, hata wa mchana. Najua Mama atakwambia sisi wote alitulaza kifudifudi na tukakua. Asemayo ni kweli, usibishane naye; zamani katika nchi nyingi madaktari wenyewe ndivyo walivyokuwa wakishauri. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba kulala kifudifudi kunaongeza vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Uingereza walianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua sana. Mweleze Mama hivyo kwa upole, naye ataelewa, ni mtu wa kuelewa. Godoro liwe gumu na bapa, pasiwe na mto wala blanketi zito wala mdoli, kitanda chake kiwe chumbani kwenu angalau miezi sita ya mwanzo, na pasivutwe sigara karibu naye. Usiku ukihisi usingizi unakushinda, usimnyonyeshee kwenye sofa. Mimi nilishtuka mara moja nikiwa nimesinzia pale naye mkononi, kichwa chake kimeteleza hadi kwenye kona ya mto. Hakupatwa na kitu, lakini tangu siku hiyo sijakaa tena pale usiku.

Mumeo, shemeji yangu, mpe kazi mapema. Hawezi kunyonyesha, lakini kubeulisha, kubadilisha nepi, kumbeba alfajiri ili wewe upate saa mbili za usingizi mfululizo, hayo yote ni yake. Utakuwa na Mama pia. Mtoto akishamaliza kunyonya, mkabidhi, ukalale. Usiamke kuosha vyombo. Mimi nilikosa mikono hiyo, na ndicho kitu kimoja ninachokuonea wivu.

Mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi akikataa kunyonya, akiwa mgumu kuamka, joto likifika nyuzi 38, akihema haraka au kifua kikibonyea, au manjano yakishuka hadi miguuni. Na wewe je? Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi. Yakipita wiki mbili, au ukiona huna hamu hata ya kumtazama mtoto, mwambie Mama na daktari siku hiyo hiyo. Niambie na mimi.

Kwenye bahasha hii nimeweka kurasa tatu za daftari letu, za wiki ya kwanza, ya tano na ya nane, uone zinavyobadilika. Alama za duara ni mkojo. Pale palipochanika, aliamka.

Nipigie uchungu ukianza, na nipigie baada ya hapo usiku wowote mtoto atakapokataa kutulia. Usihesabu huku ni saa ngapi. Nitakuwa macho nanyonyesha.

Msalimie Mama, mwambie mjukuu wake sasa anacheka akisikia sauti yake kwenye simu.

Dada yako akupendaye