Aksanti sana papa jirani wa Nyawera

Nataka watu wa Bukavu wajue hii. Samaki yetu mwekundu alitoka madoa nyeupe mwili muzima, kama punje za chumvi, akawa anajikwaruza kwenye mawe ya akwariomu na mtoto analia tu. Papa moja jirani, wala hatukuwa tunazoeana, alisikia akakuja yeye mwenyewe na tochi, akaangalia mapezi polepole, akasema ni kidudu kinajificha chini ya ngozi, dawa haikifikii mpaka kitoke kiogelee ndani ya maji, basi hata madoa yakiisha musiache kutibu. Akavuta maji ya chini na mpira, karibu robo, akarudishia yenye ilikuwa imelala kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Akapima chumvi, gramu 2 kwa litri moja, akaiyeyusha kwanza kwenye kopo, akaimwanga kidogo kidogo. Usiku umeme ukakatika, akaleta pompi yake ya batri juu samaki asikose hewa! Franka hata moja alikatala. Wenye mnajua mambo ya samaki, jirani akiuliza mumusaidie hivyo. Papa, Mungu akubariki sana, samaki anakula tena.